Akeshaye Kando ya Kisu: Uchambuzi wa Elimu ya Muuguzi wa Nusukaputi

Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane katika Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati uliobanana baina ya viwanda na maji meusi ya Mto Ngong, hana haja ya kuelezwa jinsi ngazi za hospitali za Kenya zilivyopangwa, kwa maana anazijua kwa mwili wake. Anajua kwamba mkunga wa kliniki ya karibu atampokea kwa wema, atasikiliza moyo wa mtoto tumboni, atangoja. Na iwapo njia ya uzazi itakataa kufunguka, au mapigo ya mtoto yataanza kulegea, mkunga huyo huyo hataleta kisu bali ataita gari, na safari ya kwenda hospitali ya Mama Lucy Kibaki, Pumwani, Mbagathi au Kenyatta itaanza, kwanza kwa miguu huku ameshikwa mabega, mpaka pale ambapo vichochoro vinakubali gari kupita. Majirani watasema kwamba kituo hakina daktari. Kauli hiyo si uongo, walakini ni pungufu, kwa sababu hata angepatikana daktari ajuaye kupasua, akasimama pale na glavu mikononi, asingeweza kumfaa mama yule kwa lolote maadamu hapana mtu wa pili wa kumwondolea maumivu, kumlinda pumzi, na kumrudisha duniani kazi ikiisha.

Mtu huyo wa pili ndiye ninayekusudia kumchambua: namna apatikanavyo, anayofundishwa, muda anaofundishwa, na kama muda huo unatosha. Nimechagua kuyatazama haya kutoka Mukuru, wala si kutoka ofisi za wizara, kwa kuwa Mukuru ni mahali ambapo kukosekana kwake kunaonekana bayana. Eneo lote la Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, lilitangazwa na serikali ya kaunti ya Nairobi mwaka 2017 kuwa eneo la mpango maalumu, na waliohesabu kaya zake walipata takriban 100,000. Huo ni umma wa mji mzima. Wenyeji wana shule, redio na zahanati. Kituo cha Ruben, kwa mfano, kina kliniki yenye huduma ya uzazi ambayo kina mama wengi wamejifungulia salama. Lakini zahanati hazikuundwa kwa ajili ya upasuaji mkubwa, na katika mpangilio wa Kenya chumba cha upasuaji aghalabu huanzia hospitali ya daraja la nne.

Kwanza jina. Nairobi watu husema tu kwamba mgonjwa “amedungwa ya usingizi”, na anayedunga huitwa daktari, awe daktari au asiwe. Kamusi zina neno zuri zaidi, nusukaputi. Nusu ni neno tulilolitwaa kwa Waarabu. Kaputi, wajuzi wengi wa lugha huinasibisha na Wajerumani walioitawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya Kwanza, ambao kwao neno hilo ni sifa ya kitu kilichoharibika au kufa. Basi nusukaputi ni nusu ya kufa. Sijui ni mpagazi au dereva gani aliyeziunganisha lugha hizi mbili, lakini alikuwa na jicho kali kuliko matabibu waliomwajiri, kwa sababu wao husema “usingizi”, na kwa hakika usingizi sio. Aliyelala ukimfinya huamka. Koo likiziba hukohoa. Ulimi ukimrudi nyuma hujigeuza ubavu. Aliyepewa nusukaputi amenyang'anywa yote hayo, na mambo ambayo mwili wake ulikuwa ukiyafanya wenyewe tangu kuzaliwa sasa yamo mikononi mwa mtu mwingine aliyeketi kichwani pake. Mwenye kulielewa neno hili ameuelewa mtaala mzima, kwa sababu mafunzo yote nitakayoyaeleza ni maelezo marefu ya namna ya kuitunza ile nusu iliyobaki.

Historia ya ilimu hii ni ndefu, nami nitaipitia mbio. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Qanun habari za afyuni na mimea mingine itiayo ganzi. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa hewa ya etha mbele ya madaktari akapasuliwa bila kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Na mwaka 1898, katika mji wa Kiel, August Bier akatia dawa ndani ya uti wa mgongo na kuua maumivu ya sehemu ya chini ya mwili ilhali mgonjwa yu macho. Linalonishughulisha ni swali la pembeni ambalo vitabu vingi hulipita: dawa zilikwisha patikana, je, nani alishike chupa?

Katika hospitali nyingi za Marekani za karne ya kumi na tisa kazi hiyo alipewa daktari mwanagenzi, na wagonjwa wakafa. Hawakufa kwa sababu mwanagenzi alikuwa mjinga. Walikufa kwa sababu alikuja hospitalini kujifunza kupasua, kwa hiyo macho yake yalikuwa kwenye kisu, wala si kwenye midomo ya mgonjwa inayogeuka buluu. Ndipo baadhi ya wapasuaji wakamtafuta mtu ambaye hakuwa na tamaa ya kisu hata kidogo, mtu ambaye kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kumtazama mgonjwa, nao wakamwona muuguzi. Mtawa mmoja, Sister Mary Bernard, aliianza kazi hiyo mwaka 1877 katika hospitali ya mji wa Erie, Pennsylvania. Na katika kliniki ya ndugu wawili Mayo huko Rochester, Minnesota, muuguzi Alice Magaw alichapisha mwaka 1906 taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza kwa etha na klorofomu pasipo kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa zake. Alikuwa na kitambaa, chupa ya kudondosha matone, vidole vya kupima mapigo, na masikio. Kila ninaposikia hoja kwamba muuguzi aliingizwa katika kazi hii kwa uhaba wa madaktari tu, humkumbuka Magaw, kwa kuwa pale Rochester madaktari hawakuwa haba.

Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Tulitawaliwa na Uingereza, na Uingereza tangu asili iliifanya nusukaputi kuwa kazi ya madaktari, kwa hiyo dola ilipokuja huku ikakuta madaktari hawatoshi hata wa kupasua, ilitafuta wasaidizi wa tiba, si wauguzi, na kuwafundisha kulaza wagonjwa. Uganda ikawa na maofisa wake wa nusukaputi wanaofundishwa Mulago; Kenya ikawa na maofisa wa tiba ambao, baada ya diploma yao na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, huongeza diploma ya juu ya nusukaputi katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, chuo ambacho asili yake ni mwaka 1927. Tanganyika, baadaye Tanzania, ilikuwa wazi zaidi kwa wauguzi, na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 imekuwa mahali pa kuwafundisha. Nchini Kenya mlango wa muuguzi ulifunguliwa kwa kuchelewa, tena haukufunguliwa Nairobi bali Kijabe.

Kijabe ni hospitali ya Kanisa la Africa Inland, ilianzishwa mwaka 1915 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali penye upepo hata jina lake lasemwa kuwa ni la upepo katika Kimaasai. Huko, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, walianza kuwafundisha wauguzi wachache kazi ya nusukaputi kwa sababu iliyo wazi, kwamba wapasuaji walikuwapo na wagonjwa walikuwapo, na katikati hapana mtu. Mafunzo hayo baadaye yalitambuliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, yakawekewa mtaala na cheo: muuguzi msajiliwa wa nusukaputi. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Tennessee kilishirikiana nao kwa njia ya mpango uitwao ImPACT Africa, uliosaidiwa na wakfu wa kampuni ya GE, na kutokana na mpango huo mafunzo yakafika Kisumu, katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Muda wa mafunzo hayo ni miezi 18.

Miezi 18! Asomaye haraka atashtuka au atacheka. Lakini hesabu haianzii hapo, na ili tuione vizuri natutwae binti mmoja wa kubuni wa Mukuru kwa Reuben, anayesoma kwa taa ya simu katika chumba kimoja chenye watu watano, mama yake akifua nguo za watu katika mtaa wa Imara Daima na baba akiamkia kwenye lango la kiwanda kungoja kuchaguliwa kibarua.

Binti huyo anahitaji kwanza kumaliza kidato cha nne na kupata wastani wa C katika mtihani wa KCSE ili asome diploma ya uuguzi, au C na alama ya kujumlisha akitaka shahada. Na ndani ya wastani huo awe na alama njema katika Biolojia, na katika Kiingereza au Kiswahili, na katika sayansi nyingine au Hisabati. (Nafurahi kwamba sheria inakubali Kiswahili kwa uuguzi, maana mgonjwa wa Mukuru akiogopa haogopi kwa Kiingereza.) Shule nyingi zinazowahudumia watoto wa mtaa huu hazina maabara ya kutosha, na hapa ndipo wengi wanapoishia, kabla hata hawajalisikia neno nusukaputi. Akivuka, diploma itamchukua miaka 3 au zaidi kidogo, shahada miaka 4 na mwaka wa mazoezi. Kisha mtihani wa Baraza, usajili, na leseni ambayo huhuishwa, chini ya sheria ya wauguzi iliyo Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Baada ya hapo hapokelewi moja kwa moja. Sharti awe amefanya kazi, aghalabu miaka 2 au zaidi, katika wodi, chumba cha uzazi, chumba cha dharura au chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo, hata mambo yakinyooka, aingiapo chumba cha upasuaji kujifunza kulaza amekwisha tumia takriban miaka 5 hadi 7 akiwatazama watu wanaoumwa, na ile miezi 18 ni kilele cha ngazi ndefu.

Nashikilia kwamba miaka ile ya wodini ndiyo msingi hasa, ijapokuwa wengi huiona kama ushuru wa kulipa mlangoni. Muuguzi aliyekesha na wagonjwa hujifunza jambo ambalo halina sura katika kitabu: hujua kwamba mtu huyu anazidiwa kabla vipimo havijasema. Atakuambia hapendi rangi ya mgonjwa, au kwamba mgonjwa amekuwa mpole kupita kiasi, au kwamba amekunja shuka kwa namna fulani. Mwalimu wa nusukaputi hawezi kukitia kipaji hicho ndani ya mtu kwa miezi 18. Anaweza tu kukipokea na kukipa majina, sababu na vipimo.

Na majina hayo ni mengi. Mwanafunzi huirudia ilimu ya mwili kwa namna ambayo hakuisoma alipokuwa muuguzi wa kawaida, hasa moyo, mapafu na koromeo. Huisoma ilimu ya dawa, ketamini inayomtenga mgonjwa na maumivu huku pumzi ikiendelea, dawa za mvuke kama halotheni na isoflureni, dawa zinazolegeza misuli yote, pamoja na misuli ya kupumulia, kiasi kwamba atakayezitumia pasipo kuwa tayari kumpumulia mgonjwa amemuua. Husoma pia fizikia ya hewa, na wengi huistaajabia, wakiuliza fizikia inamhusu nini muuguzi. Jibu ni mtungi wa oksijeni. Chukua mtungi mdogo ubebao lita 680 ukijaa. Mshale wa kipimo unaonyesha nusu. Mgonjwa anatumia lita 4 kwa dakika. Je, oksijeni itafika mwisho wa upasuaji wa saa moja na nusu? Gawanya lita 340 kwa 4 upate dakika 85, ambazo hazifiki dakika 90. Mtu asiyefanya hesabu hii kabla ya kuanza ataifanya katikati, umeme umekatika, akitoka jasho.

Kadhalika hufundishwa kumpima mgonjwa kabla ya kumgusa: kumweka katika daraja kwa hali ya mwili wake, kumwambia afumbue kinywa ili aone koromeo litampa taabu kiasi gani, kumtazama shingo na meno, kumwuliza dawa anazokunywa na nani katika ukoo aliwahi kudhurika kwa nusukaputi. Na swali moja hupita yote kwa umuhimu, ingawa mgonjwa huliona dogo hata huwa mwepesi kulidanganya: umekula lini? Tumbo lililojaa, mwili ukilegezwa, hurudisha chakula na maji makali kooni, na kooni hapana tena mlinzi wa kuyazuia yasiingie mapafuni. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza ajali hiyo kwa wanawake waliokuwa wakizalishwa chini ya dawa, na tangu hapo kina mama wajawazito wamehesabiwa kuwa na tumbo lililojaa hata wakiapa kwamba hawajala tangu asubuhi. Kwa wengine kanuni ni saa 6 kwa chakula na saa 2 kwa maji matupu.

Lakini natulitazame tendo moja kwa ukamilifu, lile ambalo muuguzi huyu atalifanya zaidi ya mengine yote aushi yake, ganzi ya mgongo kwa mama wa kupasuliwa. Mama anaketishwa ukingoni mwa meza, anaambiwa akunje mgongo kama anayeokota kitu sakafuni, jambo gumu kwa mwenye mimba ya miezi 9 anayepigwa na uchungu kila baada ya dakika chache, kwa hiyo mtu hana budi kumshika mabega na kusema naye. Muuguzi anapapasa ncha za mifupa ya nyonga pande zote mbili, anachora mstari wa mawazo kati yake, na palipokatwa na mstari huo katika uti wa mgongo ndipo karibu na pingili ya tatu na ya nne za kiuno, chini ya mahali ambapo ugwe wa neva uliomo ndani yake umekwisha. Sindano nyembamba inaingia. Mkono uliozoea huhisi utando ukiachia, kama ngozi ya ngoma iliyotobolewa. Na tone moja la maji safi linachungulia. Bupivakaini nzito, takriban mililita 2, inatiwa taratibu. Mama analazwa, ameelekezwa kidogo ubavu wa kushoto ili mimba isiukandamize mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Miguu yake inapata joto, kisha inakuwa mizito, kisha haipo.

Hapo mtazamaji angedhani kazi imekwisha, kumbe inaanza. Mishipa ya sehemu ya chini imelegea, damu inatuama, shinikizo la damu linashuka. Mama anasema anahisi kichefuchefu, na muuguzi mwenye ilimu hatafuti ndoo kwanza bali hutazama kipimo cha damu, kwa maana kichefuchefu hicho ni ubongo unaolalamika njaa. Huongeza maji ya mshipani, hutia dawa ya kukaza mishipa kidogo kidogo. Na iwapo ganzi itapanda kupita kiasi, mama ataanza kusema vidole vya mikono vimekufa ganzi, kisha sauti yake itakuwa ya kunong'ona, kisha hatasema. Na mtu yule yule aliyekuwa akimpangusa jasho na kumwambia “karibu tunamaliza, mama” sharti katika dakika hiyo hiyo ampitishie mpira kooni na kumpumulia. Tazama basi: tendo linaloweza kufundishwa mikono kwa wiki chache limebeba nyuma yake tendo jingine ambalo huja mara chache, na ambalo hapana muda wa kulikumbuka polepole. Ndiyo sababu vyuo hutumia madoli ya kufanyia mazoezi na hupanga majanga ya bandia. Na ndiyo sababu mwanafunzi huandika katika daftari lake kila mgonjwa aliyemhudumia, aina ya dawa, na nani alimsimamia.

Sasa natufike kwenye swali la muda, ambalo ndilo kiini cha ugomvi. Marekani leo humtaka mwanafunzi awe na shahada ya uuguzi, angalau mwaka mmoja wa kuwatunza wagonjwa mahututi, kisha takriban miaka 3 ya masomo ambayo, kwa wote walioanza tangu mwaka 2022, humalizikia katika shahada ya udaktari wa uuguzi; na kabla ya kuhitimu awe amefanya saa zisizopungua 2,000 za kazi na wagonjwa, na visa visivyopungua 600. Kenya ina miezi 18. Madaktari bingwa wa nusukaputi, ambao baada ya shahada ya kwanza ya tiba husoma tena miaka kadhaa kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kwingineko, wana haki ya kuuliza iwapo njia hii fupi ni salama, na si insafu kuwajibu kwamba wanalinda unga wao. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa nusukaputi lilipendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2017 ulikuta nchi 77 ziko chini ya hapo, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazikufikia hata mmoja. Kwa hiyo madaktari wanaouliza swali hilo wanajua pia kwamba wao wenyewe hawatoshi kulijibu kwa vitendo.

Hata hivyo naona pande zote mbili hupima kwa kipimo kisicho chake. Zinabishana juu ya urefu wa kozi kana kwamba wahitimu wote wanakwenda kufanya kazi moja mahali pamoja. Muuguzi wa Chicago mwenye shahada ya udaktari huingia katika jengo ambamo kuna madaktari bingwa, mashine ipimayo hewa ya kila pumzi, benki ya damu ghorofa ya chini, na kengele ambayo akiibonyeza watakuja watu sita. Muuguzi wetu wa miezi 18 hupelekwa katika hospitali ya kaunti, na mara nyingi yeye ndiye mtu pekee ajuaye kazi hiyo ndani ya jengo zima. Akiinua macho kutafuta wa kumwuliza, anamkuta mpasuaji aliyeinama na yeye akimtazama kutafuta jibu. Tumempa aliye na wenziwe elimu ndefu, na aliye peke yake tumempa fupi. Laiti ningekuwa na kauli katika mabaraza hayo, ningesema mafunzo yapimwe kwa upweke unaomngoja mhitimu: kadiri atakavyokuwa peke yake ndivyo anavyostahili kuona majanga mengi zaidi akiwa bado chini ya mwalimu, na ndivyo anavyostahili kuwa na mtu wa kumpigia simu saa tisa za usiku baada ya kuhitimu, mtu anayelipwa ili aipokee simu hiyo. Miezi 18 yenye wagonjwa wengi na mwalimu karibu, ikifuatwa na mwaka wa kushikwa mkono, ni bora kuliko miaka mitatu ya madarasa inayoishia kwenye barua ya uhamisho.

Kijabe, kwa jinsi ninavyoielewa, ilifaulu kwa sababu hiyo hiyo zaidi ya sababu nyingine. Si majengo, maana ni hospitali ya kimisheni tu. Bali mwanafunzi hukutana na upasuaji wa kila namna, watoto wenye maji kichwani, mifupa iliyovunjika, kina mama, tena kwa wingi, na mwalimu wake ni muuguzi aliyepita njia ile ile akisaidiana na daktari bingwa. Ubora wa namna hii hauzidishwi kwa tangazo la serikali. Ukifungua vyuo kumi kwa mwaka mmoja, utapata wanafunzi kumi wakigombania mgonjwa mmoja, na daftari zilizojazwa kwa huruma ya mwalimu.

Yapo mambo mengine yanayoizunguka elimu hii ambayo sitayamaliza. Mhitimu hukuta hospitali isiyo na dawa alizofundishwa, au yenye mashine ya msaada iliyokufa kwa kukosa kipuri kidogo. Kipima oksijeni cha kidoleni, chombo kisichozidi ukubwa wa kibiriti, bado si cha kudhani kwamba kitakuwapo. Tangu afya ilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, kupandishwa cheo kwa mtaalamu kama huyu kunategemea kaunti iliyomwajiri, na malalamiko ya wauguzi wa nusukaputi waliorudishwa wodini kujaza zamu, au waliobaki na mshahara ule ule wa kabla ya kusoma, si mageni masikioni mwa yeyote aliyekaa nao chai. Mwaka 2021 Kenya ilitiliana saini na Uingereza mkataba wa kupeleka wauguzi huko, na Ghuba ilikuwa ikiwaita kitambo. Simlaumu aendaye. Nakumbuka tu kwamba anapoondoka muuguzi wa wodi, wodi inalemewa. Anapoondoka yule wa nusukaputi katika hospitali aliyokuwa peke yake, chumba cha upasuaji kinafungwa kufuli, na mpasuaji anaanza kuandika barua za rufaa.

Yule binti wetu wa Mukuru, akihitimu, hatarudi kufanya kazi Mukuru kwa Reuben, wala si kwa kuukana mtaa. Hatarudi kwa kuwa hapana meza ya upasuaji ya kumngoja. Kuna wanaotaka ijengwe, na hoja yao ina uzito: umma mkubwa hivi mahali padogo, viwanda vinavyokata vidole vya vibarua, moto unaoruka kutoka bati hadi bati. Wengine hujibu kwamba hospitali kubwa haziko mbali kwa kilomita, na ni kweli, ila kilomita za Mukuru hupimwa kwa vichochoro, mvua, na mwenye gari kukubali kuja. Mimi naona chumba kimoja cha upasuaji kilicho kamili, chenye wauguzi wa nusukaputi watatu wa kupokezana zamu, kingefaa; lakini kikijengwa chumba kabla ya kupatikana watu, kama ilivyo desturi yetu, kitakuwa ghala la vitanda vilivyovunjika.

Mpaka hapo, gari litaendelea kufika saa nane za usiku katika mlango wa hospitali iliyo mbali na Mukuru. Mama atapitishwa kwa machela, mkunga aliyemsindikiza atasema mapigo ya mtoto yalivyokuwa, mpasuaji atakuwa ananawa. Na mtu mmoja mwenye kofia ya kitambaa, aliyekwisha pima mtungi wake wa oksijeni na kupanga sindano zake kwa utaratibu asioubadili, atainama sikioni pa mama na kumwuliza amekula lini. Mama atasema chai na chapati, saa mbili usiku, kisha atasita, na kuongeza kwamba alipewa pia ndizi njiani. Muuguzi ataitikia kwa kichwa, ataisogeza mashine ya kunyonyea karibu na mkono wake wa kulia, na kumwomba aketi, akunje mgongo.